Swali la maandishi bungeni: jinsi mbunge anavyombana waziri kwa kalamu

Swali la maandishi ni swali ambalo mbunge humpelekea waziri kupitia ofisi ya Katibu wa Bunge, na waziri hulazimika kulijibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na kanuni au desturi ya Bunge. Hakuna anayesimama wala anayegonga meza. Swali na jibu lake huingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, na kubaki humo kwa yeyote atakayetaka kusoma: mwandishi wa habari, mtafiti, wakili, hata waziri mwingine atakayeshika wizara hiyo miaka mingi baadaye.

Wengi wetu tukisikia maswali ya bungeni tunafikiria kile kipindi kinachorushwa na televisheni, mbunge akisimama na kusema "naomba swali langu namba fulani lipatiwe majibu". Kipindi hicho kina faida yake. Lakini naamini kazi kubwa zaidi ya kuibana serikali hufanyika kwenye karatasi. Waziri anayejibu kwa mdomo anaweza kuteleza, akasema atalifuatilia, akapigiwa makofi na wenzake, muda ukaisha. Anayejibu kwa maandishi amepewa siku za kutafuta ukweli, ana wizara nzima nyuma yake, na kila alichoandika kinahesabika kuwa kauli ya serikali. Akija kusema kinyume chake, karatasi ipo.

Haki ya kuuliza inatokana na jambo la msingi kabisa. Waziri hutumia madaraka na fedha ambazo si zake, na wenye mali hawawezi kupanga foleni wizarani kila mmoja na swali lake, kwa hiyo mwakilishi wao huuliza kwa niaba yao. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63, inasema wazi kwamba Bunge linaweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Waziri wa elimu haulizwi bei ya mafuta, na hakuna waziri anayeulizwa sera za chama kingine. Swali lililoelekezwa kwa asiyehusika hurudishwa au huhamishiwa wizara nyingine, na siku zinakuwa zimekwenda bure.

Kenya ilichukua njia tofauti. Chini ya Katiba ya 2010 waziri hawezi kuwa mbunge, hivyo hana kiti bungeni cha kusimamia na kujibu. Ibara ya 153 inamtaka afike mbele ya kamati ya Bunge anapoitwa na kujibu swali lolote linalohusu wajibu wake. Baadaye Bunge la Taifa lilibadili kanuni zake ili mawaziri waje kujibu mbele ya wabunge wote. Mifumo inatofautiana, dai ni lile lile.

Swali la kwanza linalofahamika katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 kwenye baraza la juu. Lord Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa kampuni ya South Sea iliyokuwa imeporomoka na akiba za watu wengi, alikuwa ametoroka nchi na kukamatwa huko alikokimbilia. Ilichukua karibu karne mbili maswali kuwa mengi kiasi cha kula muda wa shughuli nyingine. Mwaka 1902 Bunge hilo likawekea mpaka muda wa maswali ya mdomo, na mbunge akaruhusiwa kuchagua jibu la maandishi. Aliyetaka kujibiwa kwa mdomo aliweka alama ya nyota kwenye swali lake. India inatumia nyota hizo mpaka leo: katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la nchi hiyo, maswali yenye nyota, yale ya mdomo, hayazidi 20 kwa siku, wakati yasiyo na nyota yanaweza kufika 230. Tofauti hiyo peke yake inaonyesha uzito wa kazi uko upande gani.

Ufundi wote uko katika namna swali linavyoandikwa, na hapa ndipo wabunge wengi hupoteza nafasi. Chukua mbunge anayesumbuliwa na uhaba wa insulini katika hospitali za umma. Anaandika hivi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kumaliza tatizo la upungufu wa dawa?" Jibu unaweza kulitunga wewe mwenyewe kabla waziri hajalifungua. Serikali inatambua umuhimu wa afya za wananchi wake, imekuwa ikichukua hatua mbalimbali, na itaendelea kufanya hivyo kadiri fedha zitakavyopatikana. Hakuna uongo ndani yake. Hakuna kitu ndani yake.

Mbunge mwingine, mwenye kero hiyo hiyo, anaandika: "Waziri aeleze, kwa kila mkoa na kwa kila mwezi wa mwaka wa fedha uliopita, ni hospitali ngapi za umma zilizokosa insulini kwa siku 7 mfululizo au zaidi; oda za dawa hiyo zilipelekwa kwa msambazaji tarehe gani; na malipo yalifanyika tarehe gani." Sasa hakuna pa kukimbilia. Kuna mahali, kuna muda, kuna kipimo kinachoeleza nini hasa kinaitwa kukosa dawa, na kuna tarehe mbili ambazo zikiwekwa pamoja zitaonyesha kama tatizo ni kiwanda, barabara, au hundi iliyolala mezani kwa mtu. Mbunge huyu hakumlaumu waziri hata kidogo. Kwa kweli kanuni za mabunge mengi zinakataza swali lenye hoja, dhihaka au tuhuma ndani yake, na katazo hilo linamsaidia muulizaji mwenyewe: swali lisilo na matusi halimpi waziri kisingizio cha kujibu matusi badala ya swali.

Swali likishapokelewa na kukaguliwa na ofisi ya Katibu, linatua kwenye dawati la afisa katika idara husika. Yeye ndiye anayeandika rasimu ya jibu na kukusanya takwimu. Rasimu hupanda kwa mkurugenzi na viongozi wa juu wa wizara, mwisho kwa waziri, ambaye jina lake ndilo linalobeba jibu. Hatua hizi zinachosha kuzisoma, lakini ndani yake kuna faida ambayo haionekani nje. Mara nyingine afisa anagundua kwamba takwimu inayoulizwa haijawahi kukusanywa. Hakuna aliyekuwa akihesabu hospitali zilizokosa insulini. Swali limewalazimisha kuanza kuhesabu, au kukiri kwa maandishi kwamba wanaendesha huduma wasiyoipima. Vyote viwili ni ushindi kwa muulizaji.

Muda wa kujibu ni tofauti nchi hadi nchi. Ujerumani serikali ina siku 14 kwa maswali yanayoletwa na kundi la chama, na wiki moja kwa maswali ya mbunge mmoja mmoja, ambaye anaruhusiwa manne kwa mwezi. Kwenye Bunge la Ulaya ni wiki 6, au 3 kwa swali la kipaumbele. Kanada mbunge anaweza kudai jibu ndani ya siku 45. Ufaransa wanatoa miezi miwili, na muda huo unavunjwa mara nyingi mno, hadi ikabidi viongozi wa makundi ya wabunge wapewe haki ya kuyawekea alama maswali yaliyochelewa ili yajibiwe ndani ya siku 10.

Kuchelewa si njia pekee ya kukwepa. Kuna jibu linalosema takwimu "hazitunzwi katika mfumo ulioombwa", bila kusema zinatunzwa katika mfumo gani. Kuna jibu la gharama: Uingereza, tangu 2012, idara inaweza kukataa kama kulijibu swali kutagharimu zaidi ya pauni 850. Kuna suala lililo mahakamani, kuna siri za biashara, na kuna usalama wa taifa. Baadhi ya sababu hizi ni halali. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka ratiba ya doria za polisi ichapishwe. Shida ni pale sababu inapotajwa tu na mlango ukafungwa. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani imelikemea hilo zaidi ya mara moja, na tarehe 7 Novemba 2017 iliamua kwamba serikali ilikuwa imekiuka haki za wabunge kwa kukataa kujibu ipasavyo maswali kuhusu shirika la reli na usimamizi wa mabenki. Serikali ikitaka kunyamaza inapaswa kueleza kwa nini, na maelezo yenyewe yapimike.

Jibu bovu kuliko yote ni lile la kweli nusu, na dawa yake ni swali linalofuata. Mbunge mzoefu hapeleki swali moja, anapeleka mfululizo, kila moja likisimama juu ya jibu lililotangulia. Mfano ninaourudia kila ninapozungumzia jambo hili ni wa Tam Dalyell, mbunge wa chama cha Labour kutoka Scotland. Tarehe 2 Mei 1982, wakati wa vita vya visiwa vya Falkland, nyambizi ya Uingereza iliizamisha manowari ya Argentina, General Belgrano, na mabaharia 323 wakapoteza maisha. Serikali ililiambia Bunge kwamba manowari hiyo ilikuwa ikisogelea meli za Uingereza. Dalyell hakuridhika. Kwa zaidi ya miaka miwili aliuliza vitu vidogo vidogo vinavyoweza kujibiwa kwa tarehe au kwa nukta ya dira: ilionekana lini, ilikuwa ikielekea wapi, ilibadili mwelekeo saa ngapi. Kidogo kidogo ikajulikana kwamba ilikuwa imeonekana siku moja kabla, na kwamba iliposhambuliwa ilikuwa ikielekea mbali na meli hizo. Ndani ya wizara ya ulinzi afisa aliyekuwa akiandaa majibu, Clive Ponting, aliona kwamba mawaziri hawakutaka kumjibu mbunge kwa ukweli. Mwaka 1984 akamtumia Dalyell nyaraka kwa siri. Alishtakiwa, na Februari 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Unaweza kukubali au kukataa kwamba manowari ile ilistahili kuzamishwa. Wataalamu wa vita bado wanabishana. Ninachokiona mimi ni nguvu ya swali fupi lenye jibu moja tu la kweli. Hotuba kali ingejibiwa kwa hotuba kali zaidi.

Je, waziri akidanganya? Kanuni ya jumla ni kwamba kulidanganya Bunge ni kosa kubwa la kisiasa, na kwa kawaida adhabu yake hutoka bungeni kwenyewe. Uingereza ilipitia kashfa ya vifaa vya silaha vilivyouzwa Iraq, na ripoti ya Jaji Scott ya 1996 ikaonyesha jinsi majibu ya serikali kwa wabunge yalivyoficha mabadiliko ya sera. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha azimio: waziri atoe taarifa sahihi, kosa la bahati mbaya lisahihishwe mapema iwezekanavyo, na anayepotosha kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Udhaifu uko wazi, kwa sababu chama chenye wabunge wengi ndicho chenye waziri huyo huyo. Ireland nayo ilijifunza kwa gharama. Tume iliyochunguza biashara ya nyama ya ng'ombe katika miaka ya mwanzo ya 1990 ilitumia muda mrefu na fedha nyingi, na mwenyekiti wake, Jaji Liam Hamilton, akasema kwamba kama maswali ya bungeni yangejibiwa jinsi yalivyojibiwa mbele yake, tume isingehitajika.

Wabunge nao si malaika. Wako wanaopeleka maswali waliyoandikiwa na wizara ili waziri apate pa kujisifia. Wako waliouza maswali: kashfa ya Uingereza ya 1994 ilihusu wabunge waliodaiwa kulipwa ili waulize, na Desemba 2005 India iliwafukuza wabunge 11 kwa kosa la aina hiyo. Hii ndiyo sababu mabunge mengi yanamtaka mbunge atangaze maslahi yake anapowasilisha swali.

Kwa msomaji asiye mbunge, majibu haya ni hazina iliyo wazi. Uingereza, India, Kanada na Bunge la Ulaya huyaweka kwenye intaneti, na Hansadi za mabunge mengi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zinapatikana kwenye tovuti zao. Unapolisoma jibu, tazama kwanza swali lilikuwa na vipengele vingapi, kisha hesabu vilivyojibiwa. Angalia kama waziri aliulizwa kuhusu hospitali akajibu kuhusu bajeti, au aliulizwa kuhusu mwaka jana akajibu kuhusu mwaka ujao. Tenga "imefanyika" na "inaendelea kufanyika". Kipengele kilichorukwa kinakili jinsi kilivyo, ambatanisha namba ya swali la awali na tarehe ya jibu, umpelekee mbunge wako akiulize upya peke yake.