GPS ni nini, na kwa nini haili bando

Hapa Malindi utamsikia mtu bando limemuishia anazima lokesheni kabisa, ati GPS bila data haifanyi kazi. Si kweli jamani, na hili linanikera kwa sababu kuna watu linaweza kuwaokoa, hasa wanaoingia bahari ya mbali kule mtandao unakokatika.

GPS ni setilaiti za Marekani, zinazofanya kazi ni zaidi ya 24, zinazunguka dunia huko juu kama kilomita 20,200, na kila moja imebeba saa ya atomiki, ile yenye usahihi mkubwa mno. Kazi yake ni kutangaza tu, yaani mimi ni setilaiti fulani, niko mahali fulani, na sasa hivi ni saa kadhaa, basi. Simu yako inapokea, inaangalia mawimbi yametumia muda gani kufika, na kwa vile yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde inapiga hesabu ya umbali, ikipata setilaiti nne inajua uko wapi. Tatu hazitoshi maana saa ya simu haina usahihi ule, ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshasogezwa mita 300, ile ya nne ndo inairekebisha.

Ni kama redio, wewe unasikia taarifa ya habari lakini mtangazaji hajui kama umefungulia. Kwa hivyo setilaiti haikujui uko wapi, kama kuna anayekufuatilia basi ni programu zilizomo kwenye simu, hizo ndo zinatuma lokesheni yako kwa data.

Na sisi watu wa huku setilaiti si habari ya ugenini, pale Ngomeni Waitaliano walikuwa wakizirusha kutoka jukwaa la baharini kuanzia 1967 mpaka 1988, na ile ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani iliondokea palepale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndo ikaitwa Uhuru.

Sasa kinachokula bando ni ramani, ile picha ya barabara na majina. Ukiwa na waifai pakua Organic Maps au OsmAnd halafu uishushe ramani ya Kenya yote, zote mbili ni za bure kuanza nazo na zinatumia ramani ya OpenStreetMap inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Data ikizimwa simu inaweza kuchelewa kidogo kushika setilaiti, toka nje ya nyumba pasipo na paa, subiri dakika chache, itashika.

Mimi bado navipenda vile vidude vya mkononi wanavyobeba wavuvi, skrini ndogo, vitufe vya mpira, betri mbili za kawaida, vingine vikianguka majini vinaelea, nahodha akipata mwamba wenye samaki anabonyeza kuhifadhi na mahali pale panabaki kuwa namba tu.

Namba hizo simu yako pia inazo, za Malindi ni kama -3.2 na 40.1, na ukikwama baharini mtandao ukishika kidogo unazituma kwa meseji ya kawaida, bila bando. Ile alama ya kutoa usiisahau, maana yake kusini mwa ikweta, ukiiacha umewatuma wanaokutafuta huko upande wa Moyale.