Kazi ya Mwanafunzi Isiishie Mezani pa Mwalimu

Kazi nyingi za darasani zina msomaji mmoja tu, naye analipwa kuzisoma. Wanafunzi wanalijua hilo. Wanaandika kiasi cha kupata alama, daftari linarudi na vema nyekundu, ukurasa unafunuliwa, mradi umekwisha. Kisha tunalalamika kwamba hawajitumi. Wajitume kwa ajili ya nani?

Mwalimu Mfaransa Célestin Freinet alilijibu swali hilo kwa vitendo katika miaka ya 1920. Aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani, katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup. Watoto waliandika habari zao wenyewe, wakazipanga herufi kwa herufi na kuzichapa, na kuanzia 1926 wakawa wanabadilishana kurasa na wanafunzi wa Trégunc, pembe nyingine kabisa ya nchi. Anayejua kuwa mwenzake wa mbali anaisubiri kazi yake hahitaji kuhimizwa sana aangalie tahajia. Mwaka 1989 Moshe Cohen na Margaret Riel walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa darasa la saba nchini Israeli: insha walizowaandikia wenzao wa nchi nyingine zilikuwa bora kuliko zile walizoziandika ili wapewe alama za muhula.

Chukua mradi wa sayansi kuhusu kunawa mikono. Ukiagizwa kama ripoti ya mwalimu, utaanza hivi: "Usafi ni jambo muhimu sana katika maisha ya binadamu." Mwambie mwanafunzi huyohuyo kwamba bango lake litabandikwa juu ya bomba wanalotumia watoto wa darasa la kwanza. Sentensi ile inafutwa palepale, maana mtoto wa miaka sita hatahangaika nayo. Sasa kuna ya kuamua. Kusugua kwa sekunde 20 kunaelezwaje kwa asiyejua kusoma saa? Ahesabu, au aimbe? Kidole gumba, ambacho husahaulika, kichorwe vipi kionekane? Bango likishabandikwa, mchoraji asimame kando aangalie. Mtoto anakuja, analitupia jicho, anasugua viganja tu, anakimbia zake. Bango linarudi darasani kurekebishwa, na safari hii aliyelirudisha si mwalimu.

Ndiyo maana sina imani kubwa na maonyesho ya siku moja mwishoni mwa muhula. Wageni wanapita, wanapiga makofi na picha, wanaondoka. Makofi ni mazuri, ila hayabadilishi kitu katika kazi iliyokwisha kamilika. Hadhira itajwe siku mradi unapoanza, na iwe na haja na kazi yenyewe. Kwa kipimo hicho, darasa la jirani mara nyingi linafaa kuliko maelfu ya watu wasiojulikana kwenye intaneti.

Kuna tahadhari pia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa watazamaji humsaidia mtu kufanya alichokwisha kukizoea, lakini humvuruga katika kile ambacho bado anajifunza. Kwa hiyo rasimu za mwanzo zibaki ndani ya darasa, zisomwe na wenzake wawili watatu. Mtoto anayebabaika kusoma asipandishwe jukwaani eti apate moyo, atapata woga. Zawadi nazo zisikimbiliwe. Katika jaribio la Mark Lepper na wenzake la mwaka 1973, watoto waliopenda kuchora wakaahidiwa cheti walikuja kuchora kwa hiari yao kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote.

Kazi ikienda mtandaoni, mzazi aombwe ridhaa kwanza. Jina kamili, sura na sare inayotambulisha shule visionekane, na maoni ya wasomaji yapitie kwa mwalimu kabla ya kumfikia mtoto. Mwanafunzi mwenyewe naye aulizwe. Akisema kazi yake isitoke, isitoke, na alama zake zisipungue kwa sababu hiyo.