Chikanda: Okidi Ikishachimbwa Haichipui Tena

Kila msimu wa mvua tunapokea malalamiko yaleyale. Mzigo wa viazi vya okidi umezuiwa Tunduma, mpakani na Zambia, na mwenyewe anauliza kosa lake ni lipi, maana chikanda, kinachopikwa kwa viazi hivyo, ni chakula cha asili.

Ni kweli. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia wamekula chikanda vizazi kwa vizazi: viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi vishikane na kukatwa vipande kama mkate. Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania nako wenyeji walichimba, ila kidogo, hasa miaka ya njaa. Hakuna anayewalaumu wazee wetu.

Kilichobadilika ni kiasi. Okidi zilipoadimika Zambia, wanunuzi waligeukia milima yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa Zambia hula hadi viazi milioni 4 kwa mwaka, vingi vikitoka Tanzania. Kitulo, uwanda wa juu kwenye milima hiyo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na una aina 45 za okidi, ukafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Bado tunaambiwa, "Si itaota tena kama magimbi?" Haioti! Okidi hizi, za makundi ya Disa, Satyrium na Habenaria, huwa na viazi viwili: kikuukuu kilicholisha ua la mwaka huu, na kipya cha mwaka ujao. Mchimbaji huondoka na kile kipya kwa kuwa ni kigumu. Cha zamani kimeshanywea. Mbegu nayo ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na bila kuvu wake udongoni haichipui.

Kuhusu utaratibu: okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kuzivusha mpaka kunahitaji kibali cha kusafirisha nje, kinachotolewa baada ya kuthibitishwa kwamba uvunaji hauhatarishi aina husika na kwamba mmea umepatikana kihalali. Kibali hakizidi miezi 6, nacho huoneshwa kabla ya kuvuka, si baada ya kukamatwa. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, hakichukui nafasi ya kibali hicho, wala risiti ya ushuru wa halmashauri. Kusaga hakusaidii: unga wa okidi ni okidi.

Ndani ya hifadhi, kuchimba mmea bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, hata kama kiazi bado hakijavuka nje ya Makete, wilaya ilipo Kitulo. Mzigo huzuiliwa na mhusika hufikishwa mahakamani. Kusema "sikujua" hakufuti kosa.

Wewe ambaye okidi bado zinachanua malishoni kwako, nje ya mipaka ya hifadhi: mnunuzi akija na gunia, mwone kwanza afisa misitu wa wilaya kabla hujamruhusu kushika jembe.