Je, wajua kwa nini sindano ya antibiotiki hutangulia kisu?

Mama akijifungua kwa upasuaji hapa Kisumu, swali la jamaa huwa lilelile: amepewa antibiotiki za siku ngapi? Mara nyingi jibu sahihi ni kwamba hastahili kupewa hata kidonge kimoja cha kwenda nacho nyumbani, na huo si ubahili wa hospitali.

Vijidudu vingi vinavyoharibu mshono hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na huingia pale nyama inapokuwa wazi. Kwa hiyo dawa yapasa iwe imeshaenea mwilini kisu kinapogusa ngozi. Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Marekani, John Burke, alilionyesha hilo kwa simbilisi wa maabara: dawa iliyochelewa saa 3 baada ya vijidudu kuingia haikusaidia kitu.

Mtu mzima kwa kawaida hudungwa antibiotiki iitwayo sefazolini, gramu 2 kwenye mshipa, ndani ya saa moja kabla ya kukatwa. Mwenye kilo 120 au zaidi hupewa gramu 3. Zamani kwa upasuaji wa uzazi walingoja kitovu kibanwe kwanza, ili dawa isimfikie mtoto. Siku hizi hudungwa kabla, kwa sababu humkinga mama vizuri zaidi. Nusu ya sefazolini hutoka kwenye damu kwa takriban saa 2, hivyo upasuaji ukivuka saa 4, au damu ikimwagika zaidi ya lita moja na nusu, dozi hurudiwa.

Mshono ukishafungwa, kazi ya dawa hiyo imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 dawa hiyo ya kinga isiendelezwe baada ya upasuaji. Kuiendeleza siku tano au saba hakukazi mshono. Kunaua bakteria dhaifu wa utumbo na kuwaachia nafasi walio sugu kwa dawa, ambao hata hupeana jeni za usugu. Seftriaksoni, antibiotiki nyingine inayopendwa wodini kwa kuwa hudungwa mara moja kwa siku, ni mbaya zaidi hapa: sehemu yake hupitia nyongo hadi utumbo. Miezi baadaye mama akipata maambukizi ya mkojo, vidonge vya kawaida huweza kushindwa.

Kuhusu wembe: usijinyoe nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji. Michubuko yake ni mlango wa vijidudu. Nywele zikizuia kazi, hospitali itazipunguza kwa mashine.

Mshono ukitoa usaha, ukawa wa moto na kuvimba, au homa ikipanda ndani ya siku 30, hayo sasa ni matibabu, si kinga. Rudi hospitali usaha upimwe kabla ya kukimbilia kemisti.