Choo cha mbolea hakinuki kama unavyodhani

Vijijini kando ya Ziwa Victoria, wengi hukikataa choo cha mbolea, yaani choo ambacho kinyesi chake hugeuka mbolea ya shamba, wakidai kitanuka kuliko cha shimo. Kinacholeta harufu hasa ni mkojo kuchanganyika na kinyesi. Choo hiki huvitenganisha: mkojo unapita mbele hadi kwenye dumu, kinyesi kinaangukia chumba kikavu kilicho juu ya ardhi, nawe unamwagia kopo la majivu. Maji ya kutawadhia yana tundu lake. Yakiingia chumbani, hapo kweli utaziba pua. Wala kinyesi kibichi hakipelekwi shambani. Chumba kikijaa hufungwa, na kwa joto letu Shirika la Afya Duniani hushauri kikae zaidi ya mwaka 1, maana mayai ya minyoo ni sugu. Na kwa Mwanza yenye miamba, kutochimba shimo tu ni nafuu kubwa.