Kabla hujaniita nije kushusha dishi

Jumamosi moja mama mmoja wa Tabata alinipigia saa moja asubuhi. "Fundi, njoo unishushie hili dishi lako." Lako, kana kwamba mimi ndiye niliyemkopesha. Nililifunga mwenyewe mwaka 2014, na tangu hapo nimepanda kwenye bati lile mara tano: mara mbili upepo, mara moja mwembe uliokua ukaziba mawimbi, na mara mbili nyigu waliojenga kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Sasa mama amechoka. Kifurushi kimepanda tena, wanawe wamemnunulia televisheni ya kisasa, na wamemhakikishia kuwa siku hizi kila kitu kiko mtandaoni.

Nilikwenda na ngazi ila niliiegemeza ukutani tu. Nikamwamkia, nikaomba chai, kisha nikaomba risiti zake za king'amuzi za miezi mitatu, na wanawe wanifungulie meseji za bando kwenye simu zao. Mama wa watu alidhani nimetumwa na TRA, wale wa kodi.

Simu za namna hii napokea nyingi kuliko zamani, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote.

Tuanze na hesabu ya nyumba ile. Televisheni inawashwa jioni kwa katuni za wajukuu, inapita taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inaishia kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ni saa tano kwa siku, na hapo sijaweka mpira wa Jumamosi. Kwa mwezi ni saa 150. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, HD inafika GB 3, na 4K inafika GB 7. Tuchukue ile ya chini kabisa kati ya hizo: GB 150 kwa mwezi. Bando ninalonunua mimi kwenye simu yangu linaniangukia kama shilingi 2,000 kwa GB moja. Hiyo ni shilingi 300,000. Kifurushi ambacho mama alikuwa anakilalamikia hakifiki 40,000.

Wanawe walinyamaza. Kijana mmoja akasema wao hawatumii kiasi hicho, wanaangalia YouTube kidogo kidogo tu. Ndiyo maana niliomba zile meseji. Buku hapa, buku mbili pale, bando la wiki limeisha siku ya nne. Bili ya king'amuzi inauma kwa sababu inakuja mara moja na ina jina. Ya bando inanyofoa vipande vidogo, na hakuna anayekaa chini kuvijumlisha.

Mtu atauliza: kwa nini picha ile ile iwe ghali hivyo ikipita kwenye intaneti? Hapa ndipo kazi yangu ilipo, nivumilie.

Satelaiti ya matangazo imekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana tunaiona kama imesimama mahali pamoja. Kazi yake ni kama ya muadhini. Anaadhini mara moja, mtaa mzima unasikia. Akisikia mmoja au wasikie elfu kumi, sauti ni ile ile na koo ni lile lile. Kampuni ikishalipia nafasi kule juu, mteja mpya haiongezei gharama ya kurusha hata senti; madishi yote yanakinga mawimbi yale yale.

Intaneti inafanya kazi kama mtu anayetumwa kupeleka mwaliko wa harusi nyumba kwa nyumba. Nyumba mia ni safari mia. Wewe na jirani yako mkitazama mechi moja, dakika moja, kila mmoja anatumiwa mkondo wake peke yake, na kila mkondo unapita kwenye minara, nyaya na vifaa ambavyo kuna mtu lazima avilipie. Bando lako ndilo nauli ya huyo mpeleka mwaliko.

(Nje ya mada kidogo: ukipita mitaa ya Dar unaweza kujua nyumba inalipa wapi bila kuingia ndani. Dishi la DStv linatazama satelaiti iliyo longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na sisi tuko kwenye nyuzi 39, kwa hiyo linalala chali, karibu likinge mvua. La Azam linafuata nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo linaangalia magharibi, upande jua linapozama. Nimewahi kumwaibisha rafiki aliyedai hana king'amuzi kwa kutazama bati lake tu.)

Sasa, kama kurusha kwa satelaiti ni nafuu hivyo, kwa nini kifurushi kinapanda kila baada ya muda? Kwa sababu kinacholipiwa zaidi ni kile kilichomo ndani ya mawimbi. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho letu la soka, walisaini mkataba wa haki za Ligi Kuu wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Hizo fedha zitatoka wapi? Zitatoka kwenye akaunti ya king'amuzi chako, na mimi sina kinyongo nazo, maana zamani klabu zetu zilitegemea sana viingilio vya mlangoni. Ligi za Ulaya ni hadithi nyingine: haki zake zinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Mapema mwaka 2023 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 hivi. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imegusa 2,700. Mpira ni ule ule, wachezaji ni wale wale, gharama kwa shilingi iliruka. Juu yake weka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18.

Halafu kuna suala la mkungu. Ukienda sokoni kutaka ndizi nne, muuzaji wa king'amuzi anakuambia chukua mkungu mzima. Mama wa Tabata ana chaneli zaidi ya themanini na anatazama sita. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini wasiuze chaneli moja moja. Jibu lisilopendeza ni kwamba zile sita ndizo zenye gharama; zikiuzwa peke yake kila moja itapandishwa hadi ibebe mzigo uliokuwa umegawanywa kwa watu wote, pamoja na wale wasiotazama mpira kabisa. Bibi anayependa kwaya anamchangia kijana wa Simba na Yanga bila kujua.

Walioshabikia kuhamia mtandaoni walidhani huko hakuna mikungu. Dada yangu anaishi Houston, Marekani, na kule ndiko msemo wa kukata waya ulikozaliwa, maana televisheni yao ya kulipia kwa sehemu kubwa ilipita kwenye kebo. Mwaka 2017 alinitumia picha ya boksi la kebo analirudisha, amechangamka kama aliyelipa deni. Alihamia YouTube TV, kifurushi cha chaneli za televisheni kupitia intaneti, ambacho mwaka ule kilianza kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 kilifika dola 82.99. Sababu ni zile zile: wenye chaneli na wenye michezo waliongeza bei, na mtandao haukuwabadilisha tabia. Na intaneti yenyewe anailipia kando.

Huku kwetu Netflix ilifunguliwa Januari 2016. Wakenya waliwahi kupewa mpango wa bure wa kwenye simu mwaka 2021, ukaondolewa Novemba 2023. Bure ya mfanyabiashara ni chambo, na siandiki hivyo kwa kulaumu. Ningekuwa na samaki ningefanya vilevile.

Kitu kinachonisikitisha ni antena. Watu wanaruka kutoka dishi hadi intaneti kana kwamba katikati hakuna kitu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, tukaingia dijitali kabla ya ukomo wa Juni 2015 ambao mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006. Nakumbuka foleni za ving'amuzi Kariakoo, na nakumbuka nyumba zilizokaa gizani wiki nzima. Hasira ya kipindi kile iliwafanya watu wasisikie jambo moja: chaneli za kitaifa kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV zilitakiwa zionekane kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Mambo yakaja kuchanganyika zaidi Agosti 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipoagiza ving'amuzi vya dishi viziondoe kwa sababu leseni zao zilikuwa za televisheni ya kulipia. Siku hizi nyingi zimerudi kwenye madishi, lakini mkanganyiko ulibaki vichwani, na hadi leo nakutana na mtu anayelipia kifurushi kwa ajili ya taarifa ya habari tu.

Televisheni nyingi zinazouzwa sasa zina tyuna ya DVB-T2 ndani yake, yaani kifaa cha kupokea matangazo ya dijitali ya antena. Chomeka antena ya UHF nyuma, ingia kwenye mipangilio, piga skani. Chaneli zisizofungwa zitaingia zenyewe. Zilizofungwa zitahitaji king'amuzi cha antena. Antena iwe nje, juu, na ielekee inakoelekea ya jirani anayepata picha safi. Ukiwa karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, funga maungio kwa utepe wa mpira, chumvi inakula shaba kimya kimya, halafu unaniita useme chaneli "zimehama".

Nani basi ashushe dishi? Mwenye faiba nyumbani, yaani intaneti ya waya, ambayo anailipia tayari kwa sababu nyingine: kazi, masomo, biashara. Kwake mpeleka mwaliko amelipwa mshahara wa mwezi, aende safari ngapi ni zake. Lakini aulize maswali mawili kwanza. Kasi: HD moja inataka kama Mbps 5, na nyumba yenye televisheni mbili na simu nne haiishi kwenye HD moja. Pili, "bila kikomo" ina maana gani kwenye mkataba wake, kwa sababu vifurushi vingine vya aina hiyo vinapunguza kasi baada ya matumizi fulani. Mteja wangu mmoja alihama akafurahi hadi tarehe 18. Kuanzia hapo picha ikawa inazunguka kiduara kila baada ya bao.

Na tarehe 12 Mei 2024 msiisahau. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, zinazotuletea intaneti, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku ile walioshusha madishi walikaa wakitazamana. Jirani zangu walijazana kwenye kibanda umiza, na mwenye kibanda, ambaye ana dishi, hakujua hata kama kuna tatizo.

Kuna faida moja tuliyonayo ambayo dada yangu wa Houston hakuwa nayo. Yeye kuachana na kebo ilikuwa kazi ya simu ndefu na kurudisha vifaa. Sisi king'amuzi ni cha lipa kabla: usipolipa, basi. Hakuna mtu anayekudai. Kwa hiyo hata neno kukata halitufai sana. Lipa msimu wa ligi, acha Juni na Julai wakati viwanja vimelala, rudi Agosti. Dishi halili, halilali njaa, na kulishusha kisha kulirudisha utanilipa mara mbili. Nasema hivi nikijikosesha kazi.

Kwa mama wa Tabata tulimaliza hivi. Nilifunga antena ya UHF kwa ajili ya taarifa ya habari na katuni. Kijana mkubwa alishusha ubora wa YouTube kwenye televisheni hadi 480p, na kwa umbali wa kochi lao hakuna aliyegundua. Kifurushi tulikishusha ngazi moja, baada ya kuhakikisha kile cha chini kina chaneli ya tamthilia yake, maana bila hiyo mkutano wote ungevunjika.

Dishi liko pale pale juu ya bati. Jana amenipigia tena, picha inakatika katika. Nyigu wamerudi. Nitakwenda Jumapili.