Je, wajua? Kwa nini waendeshaji wa spidiwei huikwepa rangi ya kijani

Pikipiki nne zimepangwa mstari mmoja mbele ya utepe. Hazina breki. Zina gia moja tu na injini ya cc 500, na kwenye tangi mna methanoli badala ya petroli. Utepe ukiruka juu, waendeshaji wanne wataizunguka njia ya udongo mara nne, kila kona wakikata kushoto, na baada ya kama dakika moja mshindi atajulikana. Hizo ndizo mbio za spidiwei. Chimbuko lake hutajwa kuwa West Maitland nchini Australia, Desemba 15, 1923. Uingereza zilipokelewa kwa kishindo mwaka 1928, na fainali ya kwanza ya dunia ikafanyika Wembley mwaka 1936. Siku hizi mapenzi makubwa zaidi kwa mchezo huu yako Polandi.

Katika mchezo huu rangi ina kazi nzito. Ukiwa jukwaani huwezi kusoma jina la mtu mgongoni: udongo unatimka, pikipiki zinapita bega kwa bega, na kwenye sehemu iliyonyooka zinazidi kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo kila mmoja huvishwa rangi kichwani, juu ya helmeti: nyekundu, buluu, nyeupe au manjano. Kwenye ligi, nyekundu na buluu ni za wenyeji, nyeupe na manjano ni za wageni. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja, ambako kwa kawaida waendeshaji 16 hukutana katika mbio 20 mpaka kila mmoja amekabiliana na wenzake wote, unabadilisha rangi kadiri ratiba inavyokuamuru. Mwamuzi akimwondoa mtu mbioni, hawashi taa yenye namba wala jina; anawasha taa ya rangi yake. Kwa dakika ile moja, wewe ni Nyekundu, au wewe ni Manjano.

Ukizitazama rangi hizo nne utaona kijani haimo. Huenda ukadhani sababu ni majani, maana katikati ya viwanja vingi hivi pana nyasi, na kofia ya kijani ingepotea machoni. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini waendeshaji wengi, hasa wa Uingereza, wana neno lao la zamani kuhusu kijani, nalo halihusu macho: ni rangi ya mkosi. Wapo wasiokubali glavu za kijani wala suti yenye mstari wa kijani.

Kwa msomaji wa Pwani aliyezoea kuiona kijani ikipamba misikiti, habari hii inashangaza. Lazima tuitafute huko ilikotoka. Katika imani za kale za Uingereza, kijani ilikuwa rangi ya viumbe wadogo wasioonekana waliokaa vilimani na misituni, na binadamu aliyeivaa alihesabiwa kuwa amevaa nguo ya wenyewe. Kisha kemia ikaipa hofu hiyo ushahidi. Mwaka 1775 Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Uswidi, alitengeneza rangi ya kijani yenye aseniki, sumu kali. Katika karne ya 19 kijani za aina hiyo zilienea kwenye karatasi za kupamba kuta, nguo na maua ya bandia, na wafanyakazi walioyatengeneza maua hayo waliugua, wengine wakafa. Kulikuwa basi na wakati ambapo mtu aliyeogopa gauni la kijani hakuwa mjinga hata kidogo.

Kwenye mbio za magari, hofu hiyo ilipata watu wa kutajwa kwa majina. Gaston Chevrolet, aliyeshinda Indianapolis 500, mbio maarufu za magari za Marekani, mwaka 1920, alikufa mbioni Beverly Hills tarehe 25 Novemba mwaka uleule, na gari lake lilikuwa la kijani. Madereva wa Marekani waliirudia habari hiyo kwa miaka mingi. Lakini ushahidi wa upande wa pili ni mzito vilevile. Magari ya Napier ya Uingereza yalipakwa kijani katika Kombe la Gordon Bennett lililofanyika Ireland mwaka 1903, na kijani ikawa rangi ya Uingereza kwenye mbio za magari za kimataifa. Mwaka 1965 Jim Clark alikwenda Indianapolis kwenyewe na gari la kijani la Lotus, akaongoza mizunguko 190 kati ya 200, akashinda. Kama ni nuksi, siku hiyo ilikuwa imelala wapi? Naona mambo haya huenda hivi: mtu akianguka akiwa na kijani, rangi inatajwa. Akishinda, anatajwa yeye na injini yake.

Hata hivyo kuwaita watu hawa washirikina na kuishia hapo ni kuwaonea. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kraków, Polandi, aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona kwamba walipovua ndani ya wangwa uliotulia, ambako samaki ni wa uhakika, hawakuhitaji uganga. Walipotoka bahari kuu, penye hatari na bahati, ndipo makafara na maneno maalumu yalipoanza. Yeyote aliyekulia karibu na wavuvi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Spidiwei ni bahari kuu. Breki hazipo kwa makusudi: mmoja akifunga ghafla kwenye kona, walio nyuma yake watamparamia. Kupunguza mwendo ni kufunga mafuta na kuitupa pikipiki ubavu, gurudumu la nyuma likiteleza kwenda nje huku usukani umeelekezwa kulia na pikipiki inakwenda kushoto. Bodaboda mwenye uzoefu wa barabara ya matope ataelewa mwili unavyosisimka hapo. Tofauti ni kwamba wao wanaitafuta hali hiyo kila kona, wakiwa na watu watatu ubavuni.

Ndiyo maana vifaa vyao vinapendwa kama viungo vya mwili. Cha kwanza ni kiatu cha chuma: bamba linalofungwa chini ya buti la kushoto ili mguu uteleze juu ya udongo kwenye kona badala ya kunasa. Hufuatishwa umbo la buti la mwenyewe, kwa hiyo cha kuazima kinaweza kukusaliti. Suti zilikuwa za ngozi. Siku hizi nyingi ni za kitambaa imara kama Kevlar, ambacho ni chepesi na hukuacha ujipinde. Mkononi kuna kamba iliyounganishwa na swichi ya injini: ukitupwa, kamba inachomoka na injini inazima. Machoni mna miwani inayofunikwa kwa tabaka nyembamba za plastiki. Matope yakijaa, unabandua moja mbele ya macho ukiwa mwendoni, na dunia inarudi.

Mtu anayeutegemea uhai wake kwa bamba la chuma na uzi wa mkononi hawezi kulivaa vazi lake hivihivi. Anaanza na buti lilelile kila mara, au anabaki na glavu zilizomshindia wiki iliyopita hata kama zimechakaa. Rangi ya kichwani ameamuliwa na ratiba, njia ya kuanzia ameamuliwa na ratiba. Kilichobaki mikononi mwake ni mpangilio wa kujivika, na kukataa kijani.

Ila nenda Polandi ya magharibi, kwenye mji wa Zielona Góra. Jina lake maana yake ni Mlima wa Kijani. Klabu yake ya spidiwei, Falubaz, huvaa manjano, nyeupe na kijani, nayo imetwaa ubingwa wa Polandi zaidi ya mara moja. Siku ya mechi majukwaa yanafunikwa skafu za rangi hizo, watoto kwa wazee, na mtoto aliyezaliwa hapo anajifunza tangu mdogo kwamba kijani ndiyo rangi ya nyumbani.